Eneo la Evelina

Mara ya tatu Bibi Scolastika alipookotwa kwenye uzio wa uwanja mpya wa ndege, mlinzi hakumrudisha kwa miguu kama zile mbili za mwanzo. Alimpandisha bodaboda, akamfunga kwa dereva kwa kanga yake mwenyewe asije akaanguka njiani, na ndivyo alivyoshushwa mbele ya kibaraza cha mwanawe, mtaani Msalato, saa kumi na nusu ya jua kali, mtaa mzima ukitazama. Evelina, mke wa huyo mwanawe, ndiyo kwanza alikuwa amefika. Alikuwa ameshika viatu mkononi na vumbi jekundu lilimpanda hadi magotini. Alimfuata mama mkwe tangu gengeni, akampoteza kwenye vichaka, na akarudi nyumbani analia kama mtoto aliyepoteza hela ya dukani.

Nyuma ya bodaboda alikuja mwenyekiti wa mtaa, mzee Matonya, kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba hataanza kusema mtu mpaka yeye afike.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Evelina alisema, akijaribu kuvaa viatu huku amesimama.

"Marahaba, Mama Flavi. Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu kwako. Mimi hesabu yangu ni ya nne, kuna siku aliletwa na watu wa maji ukiwa sokoni." Matonya alimtazama bibi, ambaye alikuwa anajifungua ile kanga taratibu, fundo kwa fundo, hana habari na mtu. "Kule kuna malori ya kokoto, mama. Yale hayasimami. Akionekana tena barabarani peke yake, mimi naandika barua ustawi wa jamii wamtafutie nafasi kwenye makazi ya wazee. Sisemi kwa ubaya."

"Tunajitahidi, Mwenyekiti."

"Basi mfungieni ndani. Wengi wanafanya hivyo na hakuna anayewalaumu."

Alisema kwa sauti ya kutosha kufika kwa majirani. Evelina aliinamisha kichwa, akamshika mama mkwe mkono amwingize ndani. Bibi aliuvuta mkono wake, akamtazama usoni kwa woga wa wazi, kama mtu aliyeshikwa na mgeni stendi.

Hilo la kuvutiwa mkono lilimuuma Evelina kuliko maneno ya mwenyekiti. Miaka kumi na sita ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo mama huyu hakuwahi kumwita mkwe, alimwita mwanangu. Sasa hata Kiswahili kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo. Siku nyingi aliongea Kisandawe tu, lugha ya kwao Chemba, ile ya kugonganisha ulimi na kaakaa, ambayo Evelina wa Kibakwe hakuipata zaidi ya salamu.

*

Mumewe, Noeli, alikuwa mwalimu wa jiografia na michezo katika sekondari ya kata, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Miaka miwili iliyopita alipelekwa semina ya siku tatu, akarudi na mpira wenye umbo la yai na mapenzi ambayo hakuna aliyeyategemea kwa mtu mzima wa miaka arobaini na tatu. Futiboli ya Kimarekani, alisema, ila hii yetu hakuna kuangushana: kila mchezaji anavaa mkanda wenye vibendera viwili, ukimnyofoa kimoja umemsimamisha. Evelina, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyeishona ile mikanda kwa mabaki ya vitambaa vya sare. Aliishona kwa moyo mmoja, wakati ule bado ana muda wa kushona.

Jioni ile Noeli alikuta cherehani limefunikwa na mke wake amekaa chini.

"Mwenyekiti kanipigia," alisema.

"Anataka tumfungie."

Noeli aligeukia mlangoni. Tusimwonee, aliyekuwa anazungumziwa ni mama yake mzazi. Alitoka, akarudi baada ya dakika kumi, akaweka kufuli jipya mezani bila kulitoa kwenye karatasi yake. Kisha akaenda kuoga, akakaa bafuni mpaka maji yalipoisha kwenye ndoo na bado hakutoka.

"Wiki moja tu," alisema baadaye. "Mchana tu, wewe ukishona. Nikimaliza mashindano ya kanda nitafikiria kitu."

"Utafikiria nini, Baba Flavi?"

"Sijui. Lakini wewe umechoka, naona."

"Kuona unaona," Evelina alisema, akalichukua lile kufuli.

*

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Evelina alifunga mlango wa chumba cha bibi kwa nje. Alikuwa amejiandaa kwa makelele. Aliweka cherehani mbali kidogo, akaanza kupiga pindo za sketi sita za watu waliokuwa wamekuja kuziulizia mara mbili mbili, wa mwisho akiwa amesema kwa upole kwamba angehamia kwa fundi mwingine.

Makelele hayakuja. Saa tisa na robo, muda ambao bibi huwa anatoka kila siku bila kukosa, kitasa kilijaribiwa mara moja, kikajaribiwa tena. Halafu ukaja uso kwenye dirisha la nondo, na bibi akaongea Kiswahili, kwa kutafuta neno moja moja, kwa heshima yote:

"Dada. Samahani, dada. Nifungulie. Mimi si mwizi."

Evelina alisimamisha cherehani. Aliwahi kutukanwa na wateja, aliwahi kusemwa na mawifi, lakini hakuna neno lililowahi kumwaibisha kiasi kile. Alikwenda akafungua mlango, akalitupa kufuli kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, akarudi akamshika bibi mkono. Safari hii bibi hakuuvuta. Kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda, alimpeleka kwa mwanawe.

*

Uwanja wa shule ulikuwa mwekundu, mgumu, na upepo wa Dodoma ulikuwa unaondoka na mistari ya chokaa kila ilipochorwa. Bibi alikalishwa kwenye benchi kivulini, na kwa kuwa alikuwa ametembea bila kupumzika, alilala palepale kichwa kikiegemea ukuta. Noeli alipowaona alishtuka. Evelina alimwonyesha kwa mkono kwamba aendelee.

Wasichana watano walikuwa wanazuia, watano wanashambulia. Mshambuliaji mmoja alikimbia kwa kukata kulia, na mzuiaji wake, msichana mrefu aitwaye Violeth, akamfuata mguu kwa mguu mpaka pembeni kabisa. Alikuwa na mbio, Evelina akamsifu moyoni. Lakini mpira haukwenda huko. Ulirushwa pale pale Violeth alipoondoka, mtu mwingine akaudaka peke yake na kutembea nao mpaka mwisho.

Noeli alipuliza filimbi.

"Violeth, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na mtu wangu, mwalimu."

"Nani kakwambia una mtu? Leo hatukabi mtu. Tunakaba eneo." Alichukua kijiti, akachora maduara matano kwenye vumbi, mawili mbele, matatu nyuma. "Hili ni lako. Anayeingia humu ni wako. Akitoka, unampazia sauti mwenzio, 'anakuja kwako', na mwenzio anampokea. Wewe unabaki. Unarudi nyuma taratibu, miguu isipishane, humpi mrushaji mgongo. Unatazama macho yake ujue mpira anataka kuupeleka wapi."

"Sasa mwalimu, nimwache tu aende?"

"Humwachi. Unamkabidhi. Ukimfuata kila anakokwenda utachoka wewe kwanza, maana yeye anajua anakokwenda, wewe unakisia. Na ukishaondoka, nyuma yako pako wazi."

Waliirudia. Violeth alipiga hatua mbili kumfuata yule mkimbiaji, akajikamata, akapaza sauti, akarudi kwenye duara lake huku mwili wote unaonyesha kwamba hataki. Mkimbiaji alipokelewa na mwenzake. Mrushaji akakosa pa kurusha.

"Umeona?" Noeli alisema, kwa furaha ile ambayo Evelina hakuwa ameiona nyumbani kwa miezi. "Umeona ilivyo nyepesi mkiwa watano?"

Wakati wa kunywa maji alikuja benchini anajifuta jasho. Evelina alikuwa anatazama yale maduara.

"Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kumkaba mkimbiaji uwanja mzima," alisema.

"Hawezi. Hata awe na mbio vipi."

"Unawafundisha watoto wa watu hivyo."

"Ndiyo mbinu yenyewe."

"Na mimi je, Baba Flavi?" Hakupandisha sauti, kwa ajili ya bibi aliyelala. "Mwezi wa nane huu namfuata mama yako uwanja mzima peke yangu. Kila siku saa tisa. Natoka mbio, naacha nyumba wazi, naacha kazi za watu. Na namtisha. Jana nimemwona alivyonitazama. Anaona mwanamke asiyemjua anamkimbiza, na yeye anazidi kukimbia. Wewe una watu watano hapa wa kumzuia mtoto mmoja asidake mpira. Mimi sina hata wa kumpazia sauti."

Noeli alishika filimbi shingoni mwake akaiachia. Alitaka kusema kwamba amekuwa na kazi, kwamba mashindano yamekaribia, na yote yalikuwa kweli. Alikaa kwenye benchi.

"Hatujamwambia mtu," alisema mwishowe. "Ndiyo shida. Kila anayeniuliza namwambia mama ananyoosha miguu."

"Hata mimi."

"Niliona aibu, Evelina."

"Najua. Mimi pia." Alimfunika bibi mabega kwa kanga. "Lakini aibu yetu haiwezi kumgharimu yeye."

*

Jumamosi walivaa vizuri kama watu wanaokwenda kuposa, wakaanza kupita mtaani. Bibi alibaki na mke wa katekista. Noeli ndiye aliyetakiwa kusema, na mlango wa kwanza, kwenye genge la Rukia, maneno yalimkwama katikati ya nyanya na vitunguu. Ikabidi Evelina amsaidie.

"Mama anaumwa, Rukia. Ugonjwa wa kusahau. Hamtambui tena hata mwanawe."

Rukia alikuwa anapanga mafungu ya mchicha. Hakuinua hata kichwa. "Sisi tunajua, Mama Flavi. Tulikuwa tunasubiri mtuambie. Unapita hapa mbio kila siku, unanisalimia bila kusimama, unadhani mimi nasema unafanya mazoezi?"

Evelina alicheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, Rukia akamsogezea ndoo akae.

Kwa Methusela, fundi wa kuchomelea mageti, haikuwa vigumu hivyo. Alivua miwani yake myeusi akasema bibi akipita husimama kutazama cheche, na yeye alidhani anamkagua. Halfani, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda pale njia ya uwanja wa ndege inapochepuka, aliuliza swali moja tu: akimwona, amkamate?

"Usimkamate," Noeli alisema. Hapo sasa sauti yake ya uwanjani ilirudi. "Hakuna kumshika, hakuna kumkimbiza. Anayeingia eneo lako, msalimie. Mpe kiti, mpe maji. Akitaka kuondoka mwache aondoke, mpigie simu anayefuata. Kwako wewe, Halfani, mgeuze tu kwa mazungumzo asielekee kwenye malori. Evelina yuko nyumbani, Rukia, Methusela, wewe, na mimi mwisho kabisa kule shuleni. Watano."

Mwenyekiti Matonya aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya mtaa, katikati ya karakana ya Methusela na shule. Hakuwakaribisha kiti.

"Mwalimu, mtaa si timu," alisema. "Barua yangu iko tayari, bado sahihi. Akipotea mara moja tu, naitia."

*

Jumatatu, saa tisa na robo, Bibi Scolastika alitoka. Alikuwa amejitanda kanga vizuri na amepaka mafuta usoni. Alipita karibu na cherehani, akamsalimia Evelina kama mtu anavyomsalimia mpita njia, akakunja kona ya bombani.

Evelina alinyanyuka. Miguu yake ilikuwa imezoea, ilikuwa tayari ishapiga hatua tatu kabla hajajikamata. Alirudi, akakaa, akabana mikono katikati ya magoti. Kumfuata mtu ni kazi, lakini unakuwa na la kufanya. Kubaki ndiyo alikuwa hajawahi kujaribu. Alimpigia Rukia. "Anakuja kwako."

"Namwona," Rukia alisema. Baadaye kidogo simu ikalia. "Kakaa kidogo. Nimempa chungwa. Kaondoka nalo. Halafu Mama Flavi, hakimbii. Anatembea kama mtu mwenye kazi yake."

Methusela naye alipiga. Bibi alitazama cheche, akapita. Halfani akapiga kusema amemwona akipita, hakuchepuka kwenda njia ya malori, amenyoosha. Evelina aliangalia saa. Kutoka kwa Methusela mpaka shuleni, kwa mwendo wa bibi, ni dakika kumi na tano.

Zikapita kumi na tano. Zikapita ishirini. Alimpigia mumewe.

"Hajafika," Noeli alisema. "Nimesimama getini kabisa."

"Nimfuate?"

Noeli alimjibu kwa swali. "Akirudi nyumbani akakuta hakuna mtu?"

Evelina alijua kwamba hilo ni kweli, na alimchukia kwa muda kwa kulisema. Alisimama, akatembea mpaka bombani, akarudi. Alifikiria malori, akafikiria korongo lililo nyuma ya ofisi ya mtaa, akaifikiria ile barua inayosubiri sahihi, na bibi yuko kwenye chumba cha watu asiowajua akiomba kwa heshima afunguliwe. Zilikuwa dakika thelathini na mbili. Alikuwa ameshavaa viatu simu ilipolia, namba ambayo hakutaka kuiona.

"Mama Flavi," Matonya alisema. Nyuma yake palisikika feni. "Huyu mama yenu yuko kwangu."

"Mwenyekiti, naomba..."

"Ameingia mwenyewe, kaniambia hodi, nikamkaribisha, ningefanyaje? Amekunywa soda. Tumeongea. Yaani ameongea yeye, mimi sijaelewa hata neno, lakini amenishika mkono muda wote." Alikohoa. "Mama yangu mimi alifia Mpwapwa nikiwa kazini. Sasa ananyanyuka. Nampigia nani anayefuata?"

Evelina alikaa chini kwenye ardhi tupu, palepale alipokuwa.

"Mpigie mwalimu," alisema. "Mwambie, anakuja kwako."

*

Aliwaona kutoka mbali, jua likiwa bado juu ya paa. Walikuwa wanatembea taratibu, bibi mbele kidogo, Noeli akiwa amebeba lile chungwa ambalo halijamenywa. Evelina hakuondoka kwenye kibaraza. Aliwasubiri mpaka walipofika, na aliyepiga hodi alikuwa bibi.

"Karibu, mama," Evelina alisema.

Bibi alikuwa na uso mkunjufu ambao haukuwa umeonekana kwa muda mrefu. Alitafuta Kiswahili chake, akakipata. "Nimekuja na mgeni. Huyu ni mwalimu. Mwalimu wa mtoto wangu." Alimgusa Noeli kwenye kiwiko, kwa adabu, kwa ncha za vidole. "Nilienda kumchukua mtoto shule. Kila siku naenda, njiani wananifukuza, napotea. Leo nimefika. Mwalimu anasema ametangulia."

Evelina alimtazama mumewe. Noeli alikuwa amekaza midomo, macho mekundu, chaki kwenye mkono wa shati. Kwa hiyo ndiko alikokuwa anakwenda miezi yote hii, Evelina aliwaza, saa tisa na robo, watoto wanapokaribia kutoka. Wala hakuwa anazurura. Alikuwa anakwenda shule moja kwa moja, na kila siku alikuwa anatolewa njiani na miguu ya mkwewe inayokuja mbio nyuma yake.

"Noeli wangu amefika?" bibi aliuliza. Sasa furaha ilianza kupungua, wasiwasi ukaingia. "Ni mdogo. Anaogopa mbwa."

"Amefika, mama," Evelina alisema. "Amefika salama. Hakuna mbwa aliyemgusa."

"Amekula?"

"Atakula sasa hivi."

Bibi alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye mkeka na kunyoosha miguu. Noeli alibaki amesimama chini ya kibaraza. Alimsogelea mkewe, akasema kwa kunong'ona:

"Aliniamkia, Evelina. Pale getini, mbele ya wanafunzi. Mama yangu aliinama akaniambia shikamoo, mwalimu."

"Ukasemaje?"

"Nilitaka kumwambia mimi ndiye. Nikaona anavyonitazama." Alifuta ile chaki shatini. "Nikaitikia. Nikasema marahaba, mama, mwanao hajambo, ni mtoto mzuri. Akanishukuru."

Evelina alimshika mkono, mbele za watu, jambo ambalo hawakuwa wakifanya.

"Dada," bibi aliita kutoka mkekani, "mwalimu hasimamishwi nje. Mkaribishe."

"Karibu, mwalimu," Evelina alisema.

Noeli alivua viatu, akapanda kibarazani kwake kama mgeni, na mama yake akampisha kwa kusogea ukutani ili apate nafasi ya kukaa.